Nilitetemeka mbele ya darasa, wenzangu wakasimama nami

 

Kila ninapozunguka mitaani kutafuta habari, kuna swali linalonirudia. Akina mama wakishanitambua kwa sauti, mmoja wao atacheka na kuniuliza: "Mama wa redio, weye hauogopake kusema mbele ya watu wote?" Mimi hujibu ukweli: naogopa. Naogopa hata leo. Kabla taa nyekundu ya studio haijawaka, viganja vyangu vinatoa jasho. Ila siku hizi woga hauniwekei tena mkono mdomoni, na hilo sikulipata peke yangu.

Leo nataka kuwaeleza nililipataje, kwa sababu mwezi uliopita mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Minova alinikumbusha. Nitafika kwake. Kwanza turudi nyuma.

Nilizaliwa Kadutu mwaka wa 1990. Sisi watoto wa umri huo hapa Bukavu tulifundishwa kunyamaza mapema sana. Mwezi wa kumi 1996, vita vilipoingia mjini, nilikuwa na miaka sita. Sikumbuki mengi, ila nakumbuka kiganja cha mama juu ya mdomo wangu. Mwezi wa sita 2004, wanajeshi walioasi walipouteka mji kwa siku chache, nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulilala chini ya kitanda. Mdogo wangu alitaka kulia, na safari hiyo mkono uliomziba mdomo ulikuwa wangu. Kwetu, kunyamaza kulikuwa ndiko kuishi.

Tena nilikuwa msichana. Wageni wakija nyumbani, msichana analeta maji ya kunawa, anapiga goti, anasalimia kwa sauti ya chini, anatoka. Siwalaumu wazazi wangu, ndivyo na wao walivyolelewa. Lakini nilikua nikijua kwamba sauti yangu ni kitu cha kufichwa, kama pesa ndani ya kitambaa.

Nilipomaliza sekondari na kupata diploma ya serikali, nikasema nataka kusomea uandishi wa habari. Mama alinyamaza muda mrefu. Mnakumbuka miaka ile. Serge Maheshe wa Radio Okapi alikuwa ameuawa hapa Bukavu tarehe 13 mwezi wa sita 2007. Mwaka uliofuata, tarehe 21 mwezi wa kumi na moja 2008, akauawa mwenzake Didace Namujimbo, hapa hapa mjini. Mama alipofungua mdomo hakuwataja. Alisema tu: "Mwanangu, unataka kazi ya kusema, na weye mbele ya watu kumi hauwezi kuomba chumvi?"

Alikuwa na haki. Nami sikumwambia siri yangu: niliipenda redio kwa sababu kwenye redio hakuna anayekuona. Nilidhani ni mahali pazuri pa kujificha.

Chuoni siri hiyo ilidumu siku mbili. Siku ya tatu, mwalimu mmoja alituomba tusimame mmoja mmoja, tujitambulishe kwa Kifaransa. Mtu aseme jina, anapotoka, sababu ya kuchagua masomo haya. Nilisimama. Neno la kike nikalifanya la kiume, nikataka kusahihisha, nikaharibu zaidi. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama mvua juu ya mabati. Nilikaa kabla sijataja mtaa wetu. Toka siku hiyo nilichagua kiti cha pembeni, karibu na mlango, na mwaka mzima sikuinua mkono hata nilipojua jibu.

Mwaka wa pili ikaja ekspoze. Wale mliosoma mnajua: wanafunzi wanapewa kichwa cha habari, wanafanya utafiti pamoja, kisha wanakieleza mbele ya darasa zima na kuulizwa maswali. Tulikuwa sita katika kundi letu. Asista wetu alikuwa na sheria moja ngumu. Hakuna kundi litakalochagua msemaji wake. Siku yenyewe yeye ataweka majina ndani ya kofia na kuvuta moja. Huyo ndiye atakayeeleza, na alama atakazopata zitakuwa za wote sita. Alisema hataki kuona mmoja akifanya kazi na watano wakila.

Sheria nzuri, lakini mimi niliisikia kama hukumu. Mwenzetu mmoja, mama yake alikuwa akiuza sambaza soko la Kadutu ili kumlipia masomo. Kurudia mtihani ni pesa nyingine. Nikahesabu: jina langu likitoka, nitawaangusha watu watano ambao hawajanikosea chochote. Usiku ule niliwaza kutoroka. Kusema nina malaria. Nani Bukavu asiyeamini malaria?

Kichwa chetu cha habari kilikuwa hiki: redio na wakimbizi, mfano wa Radio Agatashya ya Bukavu. Niwaeleze kidogo, kwa sababu vijana wengi hawaijui, na familia zilizohama zinapaswa kuijua.

Mwaka wa 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka na kuingia upande wetu. Kukawa na kambi kubwa kama Kashusha na Inera, kaskazini ya mji. Nyuma yao kulikuwa na jina la redio nyingine, RTLM, iliyoanza 1993 kule Kigali na kutumia maikrofoni kuchochea watu wauawe. Baadaye, mwaka wa 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu watu kwa kazi ya redio hiyo. Ndipo katika mwezi wa nane 1994, waandishi wa habari walianzisha hapa Bukavu redio ya kuwahudumia watu waliokimbia. Wakaiita Agatashya, jina la ndege mdogo, mbayuwayu. Ilitoa habari zilizochunguzwa, siyo uvumi, kwa watu ambao uvumi ulikuwa umewaua. Ilinyamazishwa na vita mwezi wa kumi 1996. Lakini mbegu haikufa. Waandishi waliokuwa nyuma yake walikuwa tayari wameunda shirika la Hirondelle huko Uswisi, na neno hilo kwa Kifaransa ni mbayuwayu yule yule. Mwaka wa 2002, shirika hilo pamoja na Umoja wa Mataifa wakaanzisha Radio Okapi.

Nilijua yote hayo. Nilikuwa ndiye niliyeandika sehemu kubwa ya kazi yetu, kwenye daftari, kwa mwanga wa mshumaa, umeme ukiwa umekatika kama kawaida. Kichwani maneno yalikaa vizuri. Yalikwama tu njiani kuelekea mdomoni.

Kiongozi wa kundi, msichana ambaye mama yake alikuwa akiuza sambaza, aliniona. Hakunihubiri. Jumamosi alinipitia nyumbani, akasema: "Twende soko, tukamsaidie mama." Tulipanda mlima hadi soko la Kadutu, tukapenya kati ya viloba vya mihogo na mafungu ya maharage. Mama yake alinipa kiti kidogo, akasukuma sahani ya sambaza mbele yangu, akasema: "Binti, hizi ni zako. Uza."

Nilifungua mdomo kuita wanunuzi. Haikutoka sauti. Mama wa meza ya jirani akacheka. Nikajaribu tena, nikatoa sauti ya kuku mgonjwa. Watu wakapita. Nilitaka kulia.

Yule mama aliniacha nihangaike kwanza. Kisha akasema kitu ambacho nimekitumia kila siku ya kazi yangu. "Unaita soko lote, ndiyo maana unaogopa. Soko lote halinunuake sambaza. Ananunuaka mtu mmoja. Mwangalie mmoja, umwambie yeye."

Nikamwona baba mmoja mwenye kofia, anasitasita. Nikamwambia yeye peke yake: "Papa, zimetoka ziwani asubuhi hii." Akasimama. Akauliza bei. Nikamjibu. Akabishana, nami nikabishana. Alipoondoka na fungu lake, nilikuwa nimesema na mtu nisiyemjua kwa dakika mbili, na sikuwa nimekufa. Kufika saa sita sahani ilikuwa tupu.

Tulirudi pale Jumamosi mbili zaidi. Siku za katikati, kundi zima lilikutana jioni, na kila mmoja alieleza kazi yote kwa zamu, siyo kipande chake tu. Mwenzetu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya uuguzi alitueleza kinachotokea mwilini. Mtu akiogopa, mwili hauulizi kama mbele kuna simba au kuna darasa. Unatoa ile dawa yake ya ndani, adrenalini, moyo unapiga haraka, damu inakimbilia misuli ya mikono na miguu ili ukimbie, mate yanakauka. Kwa hiyo kutetemeka siyo ishara kwamba wewe ni mjinga. Ni mwili unaokutayarisha kukimbia wakati unatakiwa kusimama. Na pumzi ndiyo breki: ukiitoa polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, moyo unapunguza mwendo.

Kwangu mimi, neno hilo lilifungua mlango. Kumbe mwili wangu haukuwa adui. Ulikuwa bado uko chini ya kitanda mwaka wa 2004, unanilinda.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, watu kama themanini. Asista akatikisa kofia, akavuta karatasi, akasoma jina. Lilikuwa langu.

Nitasema ukweli, kwa kuwa hadithi za redio zinaisha vizuri mno. Magoti yalilegea. Nilitembea kwenda mbele na karatasi zikitoa mlio mkononi kama majani makavu ya migomba. Nikafungua mdomo, na sentensi ya kwanza, ambayo nilikuwa nimeiimba wiki tatu, ikapotea. Kimya. Kutoka nyuma nikasikia kicheko kile kile cha mwaka wa kwanza.

Ndipo nikasikia viti vinasogea. Kiongozi wetu alikuwa amesimama. Akamwomba asista: "Tunaomba tusimame naye. Hatutasema neno." Asista akafikiri, akakubali, kwa sharti kwamba atakayemnong'oneza atapata sifuri. Wakaja wote watano, wakapanga mstari, wawili kulia kwangu, watatu kushoto. Hawakusema kitu. Lakini nilisikia bega la mmoja likigusa bega langu, nalo lilikuwa linatetemeka pia. Alikuwa anaogopa kama mimi.

Nikatoa pumzi polepole. Nikatafuta mtu mmoja. Safu ya pili kulikuwa na kijana kutoka Kalehe ambaye familia yake ilikuwa imehama mara tatu. Nikazilaza karatasi mezani, nikamwambia yeye: "Mwaka wa 1994, mtu aliyekuwa kambini hakukosa chakula tu. Alikosa pia habari ya kweli."

Sentensi ya pili ikafuata, na ya tatu. Sikusema vizuri. Nilisema Kifaransa cha sentensi fupi, na mara mbili nilikosea. Watu walicheka mara moja tena, nami nikangoja wamalize, kama unavyongoja lori lipite. Nilipofika kwenye mbayuwayu, nikaomba ruhusa niseme dakika moja kwa Kiswahili, jinsi mtangazaji angesema na mama aliye kambini. Asista akaitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza maishani nilisikia ukumbi mzima ukinyamaza juu yangu, na kimya hicho hakikuwa cha hofu.

Tulipata alama 13 juu ya 20. Siyo ishirini. Kumi na tatu, na kwenye karatasi maoni kwamba tulisahau kueleza mapato ya redio. Ilitutosha. Jioni yule mama alitukaanga sambaza, na hakukubali tulipe.

Wazee wetu kanisani hupenda kumtaja Musa, aliyekataa kutumwa kwa Farao kwa sababu ulimi wake ulikuwa mzito. Nilisikia habari hiyo mara nyingi utotoni na sikuwahi kuona kwamba ulimi wa Musa haukuponywa kwanza. Alipewa ndugu wa kusimama naye. Ile ndiyo ekspoze yetu.

Sasa nirudi kwa yule mama wa Minova.

Mwezi uliopita kulikuwa na mkutano wa mtaa, hapa mjini, juu ya orodha ya watakaosaidiwa. Viti vya plastiki, wakubwa wa mtaa mbele, wageni wenye kalamu. Akina mama waliohama walikuwa wamemchagua yeye awasemee, kwa sababu katika majikoni yao ndiye anayesema wazi. Jambo lenyewe halikuwa dogo. Wanawake wanaoishi ndani ya familia zilizowapokea hawakuonekana kwenye orodha. Walioandikwa ni wale waliokutwa mashuleni na makanisani. Anayelala sebuleni kwa shemeji yake na watoto wanne, hakuna aliyepita kumhesabu.

Alinivuta nyuma ya mti. "Binti yangu, ulimi umekauka. Wale watu wamesoma. Nitasema nini? Seme weye, unazoea."

Ningeweza kusema. Nina maikrofoni na kadi ya kazi. Lakini mimi silali sebuleni kwa watu. Neno lile likitoka kwangu ni habari, likitoka kwake ni ushahidi. Nikamwambia: "Mama, hata mimi mikono inatoa jasho, shika uone." Akaishika, akacheka. Nikamwambia hayo machache niliyofundishwa. Shika sentensi moja tu ya kuanzia, zingine zitaifuata. Toa pumzi kwanza. Usiangalie mkutano, mwangalie mtu mmoja. Na usisimame peke yako.

Zamu yake ilipofika, akasimama. Kitambaa chake kichwani kilikuwa kinatikisika. Mzee mmoja mbele akaanza kuangalia simu. Ndipo akina mama watatu wakainuka, bila kuambiwa na mtu, wakasimama kando yake, mmoja na mtoto mgongoni. Akasema sentensi nne. Nilizihesabu. Ya kwanza: "Mimi niko hapa, lakini kwenye karatasi yenu siko." Mwenye kalamu akainua kichwa.

Siwadanganyi kwamba mambo yote yalinyooka. Walisema wataandika upya waliosahauliwa, siku ya alhamisi. Alhamisi nilikwenda. Foleni ilikuwepo, na daftari lilikuwepo. Nitaendelea kufuatilia, hiyo ndiyo kazi yangu.

Neno la mwisho. Katika mji wetu kuna maneno yenye hatari, na sitamwambia mtu yeyote aseme kila kitu mahali popote. Mwenye kunyamaza kwa akili, ili kesho watoto wake wamwone, sina la kumfundisha. Lakini kuna kunyamaza kwingine, kwa kuogopa kuchekwa, kuogopa kukosea Kifaransa, kuogopa macho ya waliosoma. Huko kunatunyima dawa, shule, jina kwenye orodha. Siku nyingi tunavichanganya hivi viwili, kwa sababu mwili unatetemeka vile vile.

Na wewe ambaye huogopi kusema, una kazi pia. Ukimwona mwenzako amesimama mbele ya watu na karatasi inamtetemeka mkononi, usicheke kutoka nyuma. Sogeza kiti chako, uende usimame naye.